The Hobbit: uzoefu wangu, sura kwa sura, kutoka Kisumu

Nianze na uamuzi ili mwenye haraka aende zake. The Hobbit ya J.R.R. Tolkien ni kitabu kitamu mno hadi sura ya kumi na mbili, kinadhoofika vita vinapoingia, kisha kinajikusanya tena mwishoni. Kupanda na kushuka huko kuna sababu moja. Bilbo Baggins, hobiti mwenyewe, ni mtu mfupi asiyejua kupigana, mpenda chai na keki, na silaha yake kubwa ni mdomo. Kila anapolazimika kusema ndipo aishi, kitabu kinawaka. Majeshi yakichukua nafasi yake, mimi huyo nachungulia simu.

Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mtumba mjini Kisumu, shilingi 300 baada ya kuvutana sana. Dukani nilishaona nakala mpya, nikaitazama bei, nikairudisha rafuni kwa heshima. Nakala yangu ina maandishi madogo na karatasi za njano, na mwenye nayo wa kwanza alipigia penseli mstari chini ya kila neno gumu mpaka sura ya pili, halafu akaacha. Sijui alikata tamaa au alizoea. Gundi bado imeshika na ramani zote mbili zimo. Hilo la ramani ulikague kabla hujatoa pesa, kwa sababu ile ya mlima ina herufi za siri zinazosomeka kwa mwanga wa mwezi, na sura ya tatu yote inazunguka hapo. Anayesoma bila ramani atakuwa anasimuliwa barua ambayo hajaiona.

Nasomea ualimu wa Kiswahili na historia huko Maseno, kwa hiyo nilikisoma kwa sikio la fasihi simulizi, nusu yake nikiwa kwenye matatu za kuja Kisumu. Tolkien naye alikuwa mwalimu. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mdogo, na baadaye akafundisha Kiingereza cha kale Oxford. Alisimulia mwenyewe kwamba hadithi hii ilianza siku moja akisahihisha mitihani. Alikuta mtahiniwa ameacha ukurasa mtupu, akaandika hapo sentensi ya kwanza, ile ya hobiti anayeishi shimoni. Mwanafunzi yule aliyeacha ukurasa mtupu aliitendea fasihi wema mkubwa, na natamani wahadhiri wetu wangelitazama jambo hilo kwa jicho hilohilo. Kitabu kilitoka mwaka 1937, na kabla ya hapo mchapishaji Stanley Unwin alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, auhakiki muswada kwa malipo ya shilingi moja. Mtoto akasema ni kizuri, kikachapishwa. Uhakiki wangu huu hauna hata shilingi hiyo.

Sura ya kwanza ilinichekesha kwa sababu ambayo nadhani Tolkien hakuikusudia. Mchawi mzee Gandalf anakwaruza alama kwenye mlango wa Bilbo, na kesho yake vibete kumi na watatu wanabisha hodi, wawili watatu, wakiagiza keki, mayai, nyama baridi, kahawa na pombe. Bilbo anakaribia kuzimia. Mimi nimekulia kwenye boma ambalo wageni kumi na watatu ni Jumapili ya kawaida, na mtu wa kwanza kukimbizwa ni jogoo. Hata hivyo kuna jambo nililipenda: Bilbo anakasirika rohoni, lakini mikono yake inaendelea kuandaa meza. Adabu inamshinda nguvu. Baadaye vibete wanatoa vyombo vya muziki, kiongozi wao Thorin anashika kinubi cha dhahabu, wanaimba habari za mlima wao ulionyakuliwa na joka, na ule wimbo ndio unaomwingia yule bwana wa keki. Hakuna aliyemshurutisha kwa upanga. Aliimbiwa, akaenda.

Sura ya pili ni ya majitu matatu, Tom, Bert na William, yanayomchoma kondoo na kumtamani kibete. Gandalf anajificha gizani na kuiga sauti zao, yanagombana kuhusu mapishi mpaka jua linachomoza, yanageuka mawe. Tayari hapa nilianza kuuona mtindo wa kitabu: adui anashindwa kwa sauti. Sura ya tatu ni fupi, ni ya kupumzika na kusoma ramani. Ya nne ni mvua, pango na magoblini, viumbe waovu wa chini ya mlima, nayo iende.

Sura ya tano sasa. Kama una muda wa kusoma sura moja tu ya kitabu hiki, soma hii, tena kwa sauti. Bilbo amepotea chini ya mlima, gizani totoro, ameokota pete asiyoijua na kuitia mfukoni. Anafika kwenye ziwa la chini ya ardhi, na katikati ya ziwa kuna mwamba, na kwenye mwamba anaishi Gollum, kiumbe mwembamba mwenye macho yanayong'aa, anayevua samaki vipofu kwa mikono na kula mbichi chochote kinachopotelea huko. Gollum ana njaa, ila Bilbo ana upanga, kwa hiyo hawawezi kuvamiana moja kwa moja. Wanafanyaje? Wanategeana vitendawili! Gollum akishinda, anamla Bilbo. Bilbo akishinda, anaonyeshwa njia ya kutoka.

Nilikaa wima kwenye kiti cha matatu. Huu ni mchezo wetu wa jioni, na kanuni zake ndizo zilezile nilizofundishwa tangu msingi. Kitendawili! Tega! Ukishindwa unaombwa mji, unasema chukua Mombasa, chukua Kakamega, na mwenzako anautembelea huo mji kwa maneno kabla hajakupa jibu. Tofauti ni kwamba huku kwa Gollum mji wenyewe ni mwili wako. Na vitendawili vyenyewe havina ugeni. Kuna farasi weupe thelathini juu ya kilima chekundu, ambao ni meno. Kuna sanduku lisilo na bawaba wala ufunguo lenye dhahabu ndani, na mtoto yeyote wa hapa anayejua "nyumba yangu haina mlango" atapiga kelele "yai!" kabla Gollum hajakuna kichwa. Gollum anahangaika nalo muda mrefu kwa sababu lazima akumbuke enzi alizoishi juani na kuiba mayai viotani. Hapo niliona uchungu wake. Alikuwa mtu wa mwanga zamani.

Halafu Bilbo anaishiwa. Mkono wake unagusa kile kitu mfukoni, anajisemea kwa sauti, nina nini mfukoni mwangu, na Gollum anadhani ndilo swali. Hilo si kitendawili kwa sheria za nchi yoyote, na msimulizi mwenyewe anakubali kuwa lina utata. Gollum anadai nafasi tatu za kujibu. Anasema mikono, na Bilbo ndiyo kwanza ameutoa mkono wake. Anasema kisu. Mwisho anabana majibu mawili kwa pamoja: uzi, au hakuna kitu. Nyanya yangu, dani, angemfukuza Bilbo kwenye duara la moto kwa ujanja huo, nami ningemtetea Bilbo huku nikijua dani yuko sahihi.

Nikaja kujifunza kwamba sura hii haikuwa hivi mwanzoni. Katika toleo la 1937 Gollum aliahidi kuitoa pete iwe zawadi akishindwa, na alipoikosa aliomba radhi kwa uungwana na kumwonyesha Bilbo njia. Tolkien aliiandika upya, na toleo jipya likatoka mwaka 1951, kwa kuwa hadithi kubwa aliyokuwa akiiandika baadaye ilihitaji pete iwe kitu ambacho Gollum hawezi kukiachia hata kwa kifo. Mabadiliko yale yaliiokoa sura. Tunapata Bilbo asiyeonekana kwa nguvu ya pete, amesimama nyuma ya Gollum kwenye njia nyembamba, upanga mkononi, na anaweza kumaliza yote kwa pigo moja. Anamhurumia. Anaruka juu yake na kukimbia. Ni mahali pamoja katika sura ambapo mdomo hauna kazi, na ukimya ule unauma kuliko maneno yote yaliyotangulia.

Sura ya sita ina mbwa mwitu, moto na tai waokoaji, mbio tupu. Ya saba nasikia watu wengi huiruka, nami nawaombea msamaha, kwa maana ni darasa zima la usimulizi. Beorn, mtu anayegeuka dubu, hapendi wageni, na Gandalf ana msafara wa watu kumi na watano. Anafanyaje? Anaanza kumsimulia Beorn kisa cha safari, na kila kisa kikikolea, vibete wawili zaidi wanatokea mlangoni. Beorn anakasirika, lakini anataka kusikia kilichofuata. Kisa kinapoisha, wote wamo ndani na chakula kinaandaliwa. Fanani amemla hadhira mzima mzima. Nitakapokuwa naeleza dhima ya taharuki darasani, nitatoa mfano huu.

Msitu wa Mirkwood, sura ya nane, ulinikuta vibaya. Onyo ni kwamba usiache njia na usiguse maji ya mto mweusi. Bombur, yule kibete mnene, anatumbukia, analala usingizi wa siku kadhaa, na wenzake inabidi wambebe wakiwa na njaa. Sisi tuliwahi kupelekwa ziara ya shule kwenye msitu wa Kakamega, ule uliobaki wa misitu mikubwa iliyokuwa ikishikana hadi Kongo, na mwelekezi alituambia vilevile kuhusu njia. Mchana kweupe, nyani wakicheza juu, na bado hatua chache nje ya njia hujui umetokea wapi. Kwa hiyo vibete walipoanza kufuata mataa ya Waelfi, wale watu wa msituni, gizani nilikuwa nawakemea kwa sauti. Wananaswa na buibui wakubwa. Bilbo anapigana kweli hapa, na upanga wake unapata jina, ila angalia anavyowaokoa wenzake: anawaimbia buibui nyimbo za matusi ili wamfuate mbali na mateka. Katika uokoaji huo, matusi kwanza, upanga baadaye.

Kisha wanatoroka kifungo cha mfalme wa Waelfi ndani ya mapipa yanayosukumwa mtoni, Bilbo akiwa juu ya pipa, amelowa. Wanafika kwenye mji uliojengwa juu ya nguzo ziwani, na mtu wa Kisumu lazima asimame hapo kidogo. Nilitarajia wavuvi, nyavu, harufu ya omena, kelele za ufukwe wa Dunga asubuhi. Tolkien anatupa gati, soko na karamu, mambo ya nje tu. Ziwa lake ni la biashara, halina samaki wa kutosha kwa ladha yangu. Lakini kiongozi wa mji huo, anayeitwa Bwana Mkubwa tu, amechorwa barabara. Watu wanaimba kwamba mfalme wa mlima amerudi na mito itatiririka dhahabu. Yeye haamini neno hata moja, anaona tu umati ulivyopandwa na mori, kwa hiyo anaimba nao. Sisi tuliokulia kwenye mikutano ya kampeni tunamjua mtu huyo. Na Bilbo? Ameshikwa na mafua ya ule mto, na hotuba yake kwenye kila karamu ni shukrani fupi inayotokea puani. Mtu wa mdomo amezibwa mdomo. Nilicheka peke yangu, abiria wa pembeni akanitazama.

Sura ya kumi na mbili ndiyo kilele. Bilbo anateremka kwa joka Smaug akiwa amevaa pete. Smaug hamwoni, ila anamsikia na anamnusa, na anamuuliza wewe ni nani. Bilbo anajua kwamba jina la kweli ni hatari na kunyamaza ni hatari zaidi. Basi anajisifu. Yeye ni rafiki wa dubu na mgeni wa tai, mshindi wa pete, mpanda mapipa! Omera, hiyo ni pakruok. Ni yale majigambo ambayo kwetu Waluo mtu anasimamisha nyatiti, ala yetu ya nyuzi, anatoa noti, anajitaja kwa mafumbo, kila mtu anashangilia na nusu yao hawajui amesema nini. Joka anafurahia mchezo, anataka kusikia zaidi, na kila jina linampa Bilbo dakika nyingine ya kuishi.

Lakini sasa mdomo unaanza kudai malipo yake, na hapa ndipo nilipomvulia Tolkien kofia. Lile jina la mpanda mapipa lilikuwa la ziada. Smaug anapiga hesabu: mapipa, mto, watu wa ziwani. Usiku anaruka kwenda kuuchoma mji wao. Na Smaug naye anaponzwa na majigambo yake mwenyewe, kwa kuwa Bilbo alimsifia tumbo lake lililofunikwa vito, joka likajigeuza lionyeshe, na Bilbo akaona upenyo mtupu upande wa kushoto wa kifua. Ndege mmoja alikuwa anasikiliza Bilbo alipowasimulia wenzake. Ndege anamwambia Bard, mpiga mishale, na mshale wake mweusi unaingia palepale.

Mtu yeyote wa Kano, huku karibu na Kisumu, atakuambia habari hii anaijua. Lwanda Magere, shujaa wa Waluo, alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ya maadui wetu Lang'o ikimpiga inapinda, mpaka mke aliyepewa kutoka kwa maadui alipotaka kumchanja dawa na yeye akamwambia achanje kivuli. Siri ikavuka mpaka. Mkuki ukachomwa kwenye kivuli, shujaa akawa jiwe, na jiwe liko Kano mpaka leo. Kwangu mimi Lwanda ni kisa chenye nguvu kuliko Smaug, sababu anayeanguka ni mtu wetu tunayemlilia, na aliyemwangusha alikuwa amelala naye kitanda kimoja. Smaug anakufa kurasa chache kabla sijachoka naye, nikasikitika tu kwamba hatasema tena.

Maana baada yake nani anasema? Sura za 15 hadi 17 ni za kuzingirwa, kutuma wajumbe na vita vya majeshi matano. Thorin amekalia dhahabu yote, hataki kuwagawia watu wa ziwani waliochomewa mji. Nilimkumbuka Nyamgondho wa Gwassi katika ngano za Kiluo, mvuvi aliyevua kikongwe, akatajirika kupitia kwake, akalewa na kumtukana, na mali yote, ng'ombe kwa mbuzi, ikamfuata kikongwe ziwani. Thorin yuko kwenye njia hiyohiyo. Bilbo anafanya jambo ambalo sikulitegemea: anatoka usiku na lile jiwe la thamani kuliko yote, Arkenstone, anawapa wapinzani walitumie kufanya mapatano, kisha anarudi kwa wenzake kukabili hasira. Hapo kitabu kinapumua tena, kwa ukurasa mmoja mmoja. Vita vyenyewe, jiwe linampiga Bilbo kichwani, anazimia, na tunasimuliwa yaliyobaki kwa uvumi. Fili na Kili, vijana niliosafiri nao tangu sura ya kwanza, wanakufa ndani ya sentensi moja. Sentensi moja! Filamu za miaka ya 2012 hadi 2014 zimefanya kinyume, zikavuta vita hivyo karibu filamu nzima ya tatu, na huko nako nilisinzia.

Lalamiko langu jingine ni la wanawake. Hawapo. Mamake Bilbo anatajwa kwa jina, Belladonna, basi. Hakuna hata mmoja anayetamka neno katika safari nzima, kwenye kitabu ambacho mdomo ndio kila kitu. Filamu ziliona aibu zikamtunga mpiganaji wa kike, Tauriel, lakini mimi sikuwa nahitaji mpiganaji. Ningetosheka na mwanamke mmoja wa mji wa ziwani anayemwambia Bwana Mkubwa ukweli wake.

Sura mbili za mwisho zinafidia. Thorin anamuaga Bilbo akiwa mahututi, maneno machache, na yale matusi ya getini yanafutwa. Bilbo anachukua masanduku mawili madogo tu, la fedha na la dhahabu. Anafika nyumbani anakuta mnada unaendelea: wametangaza amekufa, na jamaa zake wanapima vyumba wahamie. Inambidi anunue tena viti vyake mwenyewe, na vijiko vyake vingi vya fedha havionekani tena. Aliyelikabili joka kwa mdomo hakufanikiwa kumnyang'anya binamu kijiko. Mtu aliyewahi kuona mali ya marehemu ikigawanywa kabla matanga hayajaisha atacheka mpaka machozi.

Kiingereza chake si kigumu ukizoea, ingawa sentensi za Mirkwood ni ndefu, na nyimbo ukizisoma kimya hazina ladha. Kwa mtoto wa darasa la sita na kuendelea, msomee sura ya kwanza, ya pili, ya tano na ya kumi na mbili, na umwache ajibu vitendawili kabla ya Gollum. Kwa mtu mzima anayependa vita, tafuta kitabu kingine. Kwa bei ya mtumba nakipa nyota nne kwa tano. Nyota ya tano imebaki kwenye sura ya 17. Ukipata nakala yenye tarehe ya kabla ya 1951, usiisome, iuze, utasomeshwa nayo chuo.